Mazoezi baada ya matibabu ya kansa: yaanzie kliniki, yaendelee Raskazone

Ndugu zangu wa Tanga, kama umemaliza matibabu ya kansa au unamuuguza aliyemaliza, usisubiri kuambiwa habari ya mazoezi, uliza mwenyewe. Siku ya kliniki mwambie dokta "naomba niandikiwe na mazoezi", na uulize kabisa kipi usifanye, maana kama kansa imefika kwenye mifupa, au miguu ina ganzi ya dawa, au mkono unavimba baada ya kutolewa titi, hapo mtu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) akuone kwanza.

Halafu anza kidogo, dakika 10 kutembea Raskazone jua likishapoa, mwendo wa kuweza kuongea ila kuimba huwezi, unaongeza taratibu mpaka dakika 30 mara 3 kwa wiki. Siku 2 fanya ya nguvu: kukaa na kusimama kwenye kiti, kunyanyua chupa za maji. Homa, kizunguzungu, kifua kubana, acha uende hospitali.

Manesi, nanyi nawaomba sana, ukishapima presha na uzito muulize mgonjwa "wiki hii umetembea siku ngapi?" jibu liandikwe kwenye faili, lisipoandikwa linasahaulika. Si la kupuuza jamani, utafiti uliotoka 2025 wa waliotibiwa kansa ya utumbo mpana, waliosimamiwa mazoezi miaka 3, kama 90% walikuwa hai baada ya miaka 8, wenzao waliopewa vijitabu tu vya maelekezo 83%. Yaani kusimamiwa ndo kunakosaidia, kwahiyo nyumbani mpangiane zamu, jioni mama asitoke peke yake.