Somo: jinsi ya kunasa taji la tone la tui kwa kamera

Assalaam aleikum jamaa, tangu niweke ile picha ya tone la tui lililogonga sinia likaruka na kusimama kama taji nimeulizwa mpaka simu ikaisha chaji, na wengine wakaapa kwamba ni kompyuta. Si kompyuta. Ni sinia nyeusi ya bi mkubwa, tui la nazi moja, dripu ya duka la dawa na flashi ya mtumba, yote chumbani kwetu hapa Lamu mjini.

Kabla hujashika kitu elewa jambo moja manake hapa ndipo wengi wanapopotea, na mimi nilipotea miezi miwili mizima. Kinachosimamisha tone si kamera, ni mwanga. Tone likianguka kutoka sentimita 40 linafika chini na mwendo wa karibu mita 2.8 kwa sekunde. Ukilipiga kwa sekunde 1/1000 limeshasogea karibu milimita 3, picha yote ukungu. Lakini flashi ndogo ukiishusha nguvu mpaka 1/64, yaani fungu moja kati ya 64 ya nguvu zake zote, mwako wake unadumu kama sekunde 1/20,000 au chini ya hapo, na kwa muda huo tone halijasogea hata robo ya milimita. Wengi wanafanya kinyume, wanaiweka flashi nguvu zote wakidhani ndiyo itawahi, kumbe hizi flashi ukiziongeza nguvu kinachozidi ni urefu wa mwako.

Kazi hii ina mwenyewe, Harold Edgerton, profesa wa umeme pale chuo kikuu cha MIT, Marekani. Alianza na mota, alitaka kuona sehemu za ndani zinafanya nini zikiwa mbioni, akazimulika kwa taa ya kumwekamweka mpaka mota ikaonekana kama imesimama. Kutoka hapo akaenda kwa risasi, maji ya bomba, tone la maziwa. Picha yake ya taji la maziwa iliingia kwenye maonyesho ya makumbusho ya sanaa ya kisasa New York mwaka 1937, naye huku akishikilia kwamba yeye ni injinia tu si msanii. Ile ya rangi inayojulikana zaidi ni ya 1957, yaani alilirudia tone lile lile zaidi ya miaka ishirini, kwa hivyo wewe ukikosa mara hamsini usinune.

HATUA YA 1, dripu. Nunua ile ya hospitali yenye gurudumu la kubana mpira, sindano huihitaji, itupe mahali salama. Chupa ya plastiki ikate kitako, igeuze, chomeka mpira kwenye kifuniko, alafu ifunge kwa kamba kwenye boriti ya dari. Nyumba za zamani ndio raha yake hii, boriti haitikisiki kama stendi. Ncha ya mpira iwe sentimita 40 juu ya sinia. Bana mpaka litoke tone moja moja kwa mpigo usiobadilika. Tui lichuje kwa kifumbu kisha tena kwa kitambaa, chicha ikibaki hata punje mpira unaziba na utalaumu kamera bure.

HATUA YA 2, sinia. Hapa usiwe na haraka. Ukitaka taji, tui kwenye sinia liwe jembamba sana, milimita moja au mbili. Ukilizidisha kina likawa la bakuli hupati taji zuri, unapata shimo kisha nguzo inaruka juu kutoka katikati na kitone kichwani. Nayo nzuri lakini ni picha nyingine. Funga dirisha, kusi ikivuma tone linaangukia pembeni na fokasi yote imekwenda.

HATUA YA 3, kamera. Weka kwenye traipodi, kila kitu manuali, yaani upange mwenyewe kwa mkono. Nilitumia lenzi ya kawaida ya milimita 18-55 na tyubu ya bei rahisi ya kusogelea karibu, apacha (tundu la kuingizia mwanga) f/11, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 400, shata (muda kamera inaokaa wazi) sekunde 1/200. Fokasi usiiachie kamera. Simamisha msumari pale tone linapoangukia, fokasi kichwa cha msumari, zima otofokasi, ondoa msumari. Ukigusa lenzi baada ya hapo anza upya.

HATUA YA 4, flashi. Isogeze sana, sentimita 25 hivi, iwe ubavuni au nyuma kidogo, mbele yake weka karatasi nyeupe kulainisha mwanga. Ivalishe mfuko wa plastiki, yangu imekunywa tui mara mbili. Nguvu 1/64, na picha ikiwa giza ongeza ISO au sogeza flashi karibu, nguvu iache hapo hapo.

HATUA YA 5, kubonyeza. Kutoka sentimita 40 tone linatumia karibu sekunde 0.29 kufika chini. Kidole cha binadamu tangu jicho lione kinachukua kama 0.2, na kamera nayo ina uzito wake wa kuamka. Kwa hivyo usingoje kuliona likigonga, bonyeza pale linapoachia mpira. Sikiliza mpigo kama unavyosikiliza ngoma, tak, tak, tak, mwili wenyewe utashika. Usiku wangu wa kwanza nilipiga zaidi ya mia nikapata nne, na hizo nne nilizipata baada ya stima kupotea mtaa mzima, manake taa ya ukumbini ilikuwa inapenya mlangoni bila mimi kujua na ndiyo ilikuwa ikiniachia ule mkia wa ukungu kwenye kila tone. Betri za flashi hazina habari na stima. Ila giza lile lile paka naye akaingia akanywa sinia nzima, nikawa napiga picha ya chuma kitupu dakika kumi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka mimi niko Malindi sina kamera, simu itaweza?
Jibu: Itaweza dada, lakini usitegemee taa ya simu, ile ni dhaifu na inawaka muda mrefu. Panda darini saa sita mchana, jua la kwenu latosha, weka shata 1/4000 au zaidi kama simu inakubali. Utabaki na ukungu kidogo, chini ya milimita moja. Ile video ya polepole ya fremu 240, yaani picha 240 kwa sekunde, ni nzuri ya kujifunza mwendo tu, manake kati ya fremu na fremu tone limeshashuka zaidi ya sentimita moja.

Swali: Picha zangu nusu nyeusi, kama pazia limeshuka. Flashi mbovu?
Jibu: Flashi nzima, shata ndiyo umeipeleka mbio kupita kiasi. Rudi 1/200. Ni pazia kweli bwana, ndani ya kamera, linakatiza kabla fremu haijafunguka yote.

Swali: Nataka baluni ya maji ikipasuka, kwa kidole haiwezekani.
Jibu: Haiwezekani kweli, hapo wahitaji Arduino, ile kompyuta ndogo ya kuprogramu mwenyewe, na maikrofoni. Chumba giza totoro, acha shata wazi sekunde kadhaa, mlio ndio uwashe flashi. Na kuna ujanja naupenda sana, sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hivyo ukisogeza maikrofoni nyuma sentimita 34 umechelewesha flashi milisekunde moja, bila kugusa programu. Ila flashi usiifungue kuchokonoa ndani, kapasita yake, yaani kile kinachohifadhi umeme wa mwako, ina volti kama 300 na inabaki nazo hata betri ukitoa.

Swali: Maalim, taji langu halilingani, upande mmoja meno marefu upande mmoja mafupi. Nalisawazisha vipi?
Jibu: Usilisawazishe. Kulikuwa na Mwingereza, Arthur Worthington, alitazama matone kwa mwanga wa cheche akawa anachora alichokiona, na michoro yake mataji yalikuwa sawasawa pande zote, mazuri kupita kiasi. Alipokuja kuyapiga picha mwishoni mwa karne ya 19 akakuta yamepinda, meno hayalingani, na ilibidi akubali kwamba jicho lake ndilo lililokuwa likiyapanga. Ukingo wa tui ukiinuka unakatikakatika kuwa vitone, na mtikisiko mdogo tu unaamua jino lipi lirefuke. Kama ni lote linalala upande mmoja hapo angalia sinia, pengine iko mshazari. Hata hiyo yangu mnayoisifu, bi mkubwa aliitizama kidogo tu akasema, mbona lina pengo? Nikamwambia pengo ni lake, mie sikuligusa.