Jinsi ya kutenganisha taka kwenye nyumba ya kupanga Arusha hata kama gari linachanganya zote

Ukiongelea kutenganisha taka kwenye uwanja wowote wa wapangaji hapa Arusha, kuna mtu lazima atasema "sasa nitenganishe ili iweje na gari lenyewe likija linabeba zote pamoja?" Na mi huyo mtu siwezi kumbishia maana nimeona kwa macho yangu. Tulikuwa tunakaa Sombetini, familia sita uwanja mmoja, bomba moja, choo nje, tukakubaliana tuwe na ndoo ya maganda na kiroba cha makopo, tukaenda vizuri kama miezi miwili hivi. Asubuhi moja gari likaja mi nipo mlangoni, kijana akachukua ndoo ya maganda akamwaga, akachukua na kiroba cha makopo akamwaga juu yake, hao wakaondoka. Mama wa chumba cha pili aliniangalia tu, hakusema neno. Wiki iliyofuata ndoo na kiroba vyote vilikuwa na kila kitu ndani, pampasi humo humo.

Iliniuma sana kusema kweli. Ila baadae nikaja kuelewa kwamba wale majirani hawakuwa wavivu wala wachafu kama watu wanavyopenda kusema, walifanya kazi wakaona kazi yao inamwagwa mbele yao, nani angeendelea? Tulipojaribu tena tukaanza tofauti kabisa na safari hii imeshika, kwahiyo naandika hapa tulivyofanya ili na wewe usianze kwa kukosea kama sisi.

Jambo lenyewe ni hili: usitenganishe kwa ajili ya gari. Tenganisha kwa ajili ya mtu ambaye ana shida na hiyo taka, unayemjua, anayekuja mlangoni. Gari lipewe kile ambacho hakina mwenyewe.

Na usiniambie watu wetu hawawezi. Chupa ya soda ya glasi nani anaitupa mtaroni? Hakuna, maana mangi dukani anaitaka na kreti lake, hata mtoto wa miaka sita anajua ukienda kununua soda unaenda na chupa. Na mifuko ya rambo je, si ilikuwa inasemwa haiwezekani, tarehe 1 Juni 2019 katazo likaanza na watu wakaenda sokoni na vikapu na mifuko mbadala, soko la Kilombero halikufungwa. Watu wanabadilika haraka tu ilimradi waone kitu kinaenda wapi.

Watu kwanza, ndoo baadae

Kosa letu la kwanza lilikuwa kununua ndoo kabla ya kujua nani atachukua. Wewe anza kwa kutembea mtaani kwako jioni mbili tatu. Unatafuta watu wa aina mbili tu, anayefuga (ng'ombe wa ndani, mbuzi, nguruwe, hata kuku) na anayeokota au kununua makopo na skrepa. Wafugaji mjini hapa bado wapo wengi kuliko unavyodhani, fuata harufu ya zizi au muulize anayewaletea maziwa. Waokota makopo unawaona asubuhi na kiroba kikubwa mgongoni, simamisha mmoja, msalimie vizuri, muulize anapeleka wapi kupima na kuuza. Afu nenda mwenyewe hadi kwenye mzani ukaone wanapokea nini na wanakataa nini, usiishie kuambiwa. Mi nilienda nikakuta chupa za mafuta ya kula zilizobaki na mafuta zimetengwa pembeni, hawazitaki, kumbe sisi tulikuwa tunazijaza kwenye kiroba tukidhani tunasaidia.

Hapa kuna jambo la mtazamo wa watu ambalo lazima uliongelee wazi. Waokota makopo wanaitwa wezi, wanaitwa machizi, wakipita mtu anaanua nguo kambani. Mama mwenye nyumba wetu alikataa katakata wasiingie getini. Nilimwendea jioni, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamwambia mama siombi waingie wote, naomba huyu mmoja, anakaa mtaa wa pili, balozi anamfahamu, atakuja Jumamosi tu na kiroba tutamtolea nje ya geti. Akakubali. Mtu mmoja mwenye jina na siku yake, hiyo ndo ilimtoa hofu, maneno ya mazingira hayakumgusa hata kidogo.

Maganda

Hii ndo sehemu kubwa kuliko zote, uelewe hivyo. Kwenye taka za nyumbani kwa miji yetu zaidi ya nusu ni mabaki ya jikoni: maganda ya ndizi, ya viazi, mashina ya mchicha, maganda ya karanga, ukoko. Ndo zinazonuka, ndo zinazoleta nzi, na zina maji mengi kwahiyo ni nzito, gari linachoma dizeli kupeleka maji ya maganda hadi dampo la Muriet. Zikifukiwa kule chini bila hewa zinaoza na kutoa methani, gesi inayochangia joto la dunia. Ukitoa maganda tu, hata usipofanya kitu kingine chochote, kinachobaki harufu yake inapungua sana na kinaweza kukaa siku nyingi zaidi bila kumkera mtu.

Weka ndoo yenye mfuniko karibu na pale mnapomenyea, sio getini, maana mtu akimenya ndizi hatembei hatua thelathini na maganda mkononi. Ndani ni maganda tu. Hakuna uzi, hakuna mfuko, hakuna kiwembe, hakuna kijiti cha mishkaki. Kwenye hili usiwe na huruma kwasababu ng'ombe akimeza plastiki haitoki, inajikusanya tumboni, anaacha kula, anakonda hadi anakufa. Na kama anayechukua anafuga nguruwe, usimpe mabaki ya kitimoto hata kidogo, homa ya nguruwe inasambaa hivyo hivyo kupitia nyama na inaua banda zima.

Sasa nikwambie kilichotushikilia sisi. Mama anayechukua maganda yetu ndo huyo huyo anayetuuzia maziwa. Siku ya kwanza alipokuta kamba ya kiroba kwenye ndoo alirudi nayo mkononi akaiweka mezani mbele yetu, hakugomba, akasema tu "hii ingeingia kwa ng'ombe wenu". Wenu! Toka siku hiyo watu wanaulizana wenyewe nani katupa hiki. Sikuwahi kupata kitu kama hicho kwa kubandika karatasi ukutani.

Kama hamna mfugaji karibu tengeneza mboji. Chukua kiroba kizee cha kilo 50 au chimba shimo la kina cha goti, weka tabaka la maganda, juu yake majani makavu au maranda ya mbao, tena maganda, na udongo kiasi. Iwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, ikitoa maji ukiminya imezidi, ongeza vitu vikavu. Geuza kila baada ya wiki mbili, miezi miwili mitatu inakuwa nyeusi na harufu ya udongo. Masika funika, ikiloana inanuka na hapo utawapoteza majirani wote kwa siku moja. Sukumawiki na mnafu kwenye viroba vinaipenda sana hiyo.

Makopo na mengine yenye mnunuzi

Chupa za maji na juisi suuza kidogo, minya zitoe hewa, vifuniko weka kwenye chombo chake maana kifuniko ni plastiki ya aina nyingine. Chini ya chupa utaona namba kwenye pembetatu, chupa ya maji ni 1, madumu na chupa za shampuu mara nyingi 2, mabeseni na vifuniko vingi ni 5. Hiyo namba inakuambia aina ya plastiki tu, haimaanishi kwamba kuna mtu atainunua, hilo jibu lipo kwenye mzani ulikoenda.

Usiwaahidi wenzako hela nyingi, tafadhali. Chupa ndogo za nusu lita zinatakiwa kama 50 na zaidi kupata kilo moja, na bei inapanda na kushuka. Nimeona uwanja mmoja Ngarenaro wakagombana kwa hela ambayo haifiki nauli ya kifodi. Sisi tulikubaliana mapema kwamba makopo ni ya yule kijana moja kwa moja, ni kazi yake, na yeye Jumamosi anatufagilia pale mbele ya geti bila hata kuombwa.

Masufuria mabovu, mabati, nondo, hivyo vina soko la siku zote. Maboksi yasiloane. Chupa za glasi za mvinyo na pombe kali ndo ngumu kidogo, kuna karakana inaitwa Shanga hapa Arusha, wanayeyusha chupa za glasi kutengeneza vyombo na shanga na wameajiri watu wenye ulemavu, ni sehemu nzuri ya kupeleka ukipita njia ya huko ukiwa na mzigo wa kueleweka.

Vifungashio vya biskuti, vya krispi, pakiti za maziwa, mifuko myepesi ya kufungia mboga, hivi sisi hatujapata mnunuzi, kwahiyo vinaenda na gari na tunawaambia watu hivyo hivyo. Ukidanganya kwamba kila kitu kinarejelezwa, siku wakijua hawatakuamini hata kwenye maganda.

Gari

Sasa kinachobaki ni kidogo: pampasi, pedi, vifungashio, vumbi la kufagia. Pampasi kunja, funga, usiwaachie wazoa taka wazione wazi, ni watu wazima wana heshima zao na wengi wanashika kwa mikono mitupu. Vioo vilivyovunjika funga kwenye boksi. Wembe na sindano tia kwenye dumu dogo, likijaa kaza kifuniko. Majivu ya jiko la mkaa yapoe kabisa kabla ya kumwaga, yakiwa na kaa la moto yanaunguza kiroba na yanaweza kuwasha taka garini.

Kuhusu gari kutokuja, hapa ndo hasira za watu zilipo na wana haki, unalipa kila mwezi afu wiki mbili kimya, mbwa wanapasua viroba, mvua ikipiga yote mtaroni na mtaro unaenda mtoni, Themi, Naura, ndo yale makopo unayoyaona yamekwama chini ya madaraja. Wengi wakichoka wanachoma jioni. Usichome, naomba sana, moshi wa plastiki una sumu na baadhi ya plastiki ikiungua inatoa dioksini, ambayo ni sumu kali, na moshi huo unaingia moja kwa moja madirishani kwa watoto wanaolala. Badala yake fanya hivi: muulize mtendaji wa mtaa nani ana mkataba wa kuzoa kwenu na siku zenu ni zipi. Tundika kalenda mlangoni, kila siku ya gari weka alama, limekuja au halijaja. Risiti zote toboa kwenye msumari mmoja. Afu siku ya mkutano wa mtaa unasimama na kalenda yako. Mi niliwahi kusimama na hasira tu nikajibiwa "tutalifanyia kazi", mara ya pili nikasimama na tarehe tano zilizorukwa na risiti za miezi hiyo hiyo, mwenyekiti akapiga simu pale pale mbele yetu. Kama uchochoro wenu ni mwembamba gari haliingii, kubalianeni sehemu moja ya kutolea asubuhi ile ile, sio usiku wake.

Na mkubaliane siku ya kuhamia kama hela ya taka ipo ndani ya kodi au mpangaji analipa mwenyewe, ugomvi mwingi unatokea hapo.

Nani aitwe kwenye kikao

Tulivyofanya kikao cha kwanza walikuja akina baba wawili na akina mama wa familia, tukakubaliana kila kitu, na hakuna kilichofanyika. Kwanini? Kwasababu anayemwaga taka ni dada wa kazi na watoto wakitoka shule, na hakuna aliyewaita. Mara ya pili nilikaa na dada watatu pale bombani wakiwa wanafua, hata nusu saa haikuisha, wao ndo waliosema ndoo ihamie jikoni, wao ndo waliosema mfuniko uwe na kishikio maana mikono inakuwa na sabuni. Kijana anayeishi peke yake anayekula chipsi kila siku usimlazimishe ndoo ya maganda, hana maganda, mpe kiroba cha makopo tu atakuwa mtu wako.

Watu wa Moshi mtanisamehe, najua mtasema nyinyi usafi mmeanza zamani, na ni kweli, nimeshapanda gari kule nikashuhudia bibi mmoja anamrudishia kijana ganda la muwa mkononi kabla halijafika dirishani, gari zima likamuunga mkono bibi. Sisi huku tunasubiri Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunafagia, tunaweka lundo pembeni ya barabara, na lundo lisipobebwa siku hiyo mvua inalirudisha lilikotoka. Kwahiyo hata siku ya usafi mtafute yule kijana wa makopo na yule mama wa ng'ombe kabla ya kushika fagio, wapitie lundo kwanza.

Kama umehamia juzi tu na humjui mtu, anza na kiroba kimoja cha makopo. Kitundike kwenye msumari nje ya mlango wa jikoni, kitoboe matundu mawili chini maji ya mvua yatoke, na kikijaa usikipeleke getini, kaa nacho mpaka umpate wa kumkabidhi mkononi.