Jenereta ya kujitengenezea: mkwamo wa sumaku na uchaguzi wa koili

Zungusha rota (sehemu inayozunguka, yenye sumaku) kwa mkono kabla nyaya hazijaunganishwa popote: ikienda kwa kukwamakwama, chanzo ni chuma kilichomo ndani ya koili (waya uliozungushwa mara nyingi), ambacho sumaku huking'ang'ania kila inapokipita. Tumia koili zisizo na chuma, au panga sumaku 12 kwa koili 9 ili zisilingane zote kwa wakati mmoja. Uzito wa kuzungusha unaoongezeka taa zinapowashwa ni kanuni ya Lenz, yaani umeme unaozalishwa hupinga mwendo unaouzalisha, nao hauondoki, hata fundi akuahidi nini. Unaponunua waya wa shaba Kariakoo, kumbuka kuwa mwembamba wenye mizunguko mingi huongeza volti pamoja na ukinzani, hivyo koili hupata moto. Kwa betri ya volti 12, chagua mnene kadiri nafasi inavyoruhusu, mradi volti baada ya dayodi (vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zizidi za betri.