Kujiandaa kwa Usaili wa Ajira Serikalini: Mchujo, Vitendo na Mahojiano

Kila majina ya walioitwa kwenye usaili yanapotangazwa, vijana ninaowasaidia kujiandaa huniuliza swali lile lile: mtihani unatoka wapi? Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kinachosimamia usaili huu nchini Tanzania, haina orodha moja ya masomo inayowahusu wote, kwa kuwa kila kada hupimwa kwa kazi yake. Hata hivyo mtaala upo, na msailiwa alishausoma siku alipoomba kazi. Ni kile kipengele cha majukumu kilichomo kwenye tangazo, ambacho wengi hukiruka haraka ili wafike kwenye sifa za mwombaji na ngazi ya mshahara.

Hatua ya kwanza: hifadhi tangazo. Lipakue siku hiyo hiyo unayotuma maombi kwenye Ajira Portal, yaani mfumo wa maombi wa mtandaoni wa Sekretarieti, kwa sababu kati ya kuomba na kuitwa inaweza kupita miezi, na utakapoitwa utalihitaji neno kwa neno.

Hatua ya pili: fahamu muundo wa usaili wenyewe. Usaili wa kwanza ni wa mchujo, ambao ni wa maandishi na ambao siku hizi kada nyingi huufanya kwenye kompyuta katika vituo vya mikoani. Kwa baadhi ya kada hufuata usaili wa vitendo, na mwisho ni mahojiano ya ana kwa ana mbele ya jopo. Alama ya ufaulu ni 50, lakini usiifanye hiyo kuwa shabaha yako, kwani nafasi ni chache na walio juu ndio wanaotangulia kuitwa hatua inayofuata.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayostahili muda wako mwingi: geuza kila jukumu kuwa maswali. Chukua tangazo la Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Mojawapo ya majukumu yake ni kuwa katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji. Andika sentensi hiyo juu ya ukurasa, kisha ujiulize: halmashauri hiyo ina wajumbe wangapi, mwenyekiti wake hupatikanaje, wenyeviti wa vitongoji wana nafasi gani ndani yake, na Mkutano Mkuu wa Kijiji una mamlaka gani juu yake? Majibu yamo katika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, inayotaja wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na inayoufanya Mkutano Mkuu, ambao ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, kuwa ndiyo mamlaka ya juu kijijini.

Nenda kwenye jukumu linalofuata, la kusimamia utungaji wa sheria ndogo za kijiji. Hapa usikariri tu kwamba kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo. Fuatilia safari yake tangu inapopendekezwa na Halmashauri ya Kijiji, inapopelekwa kwa wanakijiji watoe maoni, hadi inapoidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Anayejua mfuatano huo atajibu swali hata likigeuzwa namna gani. Ongeza Ibara za 145 na 146 za Katiba ya 1977, ambazo ndizo msingi wa serikali za mitaa, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa kuwa migogoro mingi anayokutana nayo mtendaji ni ya ardhi. Anayeomba kazi mjini aisome Sura 288, ya mamlaka za miji, badala ya Sura 287; nimeona watu wenye uwezo mzuri wakijifunza sheria isiyo yao.

Hatua ya nne: soma sheria zinazomgusa kila mtumishi. Anza na Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298, kisha Kanuni zake za 2022 na Kanuni za Kudumu za 2009. Zingatia ajira mpya na kipindi cha majaribio, likizo, maadili, na hasa taratibu za nidhamu: nani ni mamlaka ya nidhamu, na mtumishi asiyeridhika hukata rufaa wapi.

Hatua ya tano ni ya wenye usaili wa vitendo. Dereva ajizoeze kukagua gari kabla ya safari huku akieleza anachokikagua, na mwandishi mwendesha ofisi apime kasi yake kwa saa.

Hatua ya sita: panga vyeti mapema. Beba vyeti halisi kuanzia cheti cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho kinachokubalika, kwa sababu hati za matokeo na matokeo ya muda havipokelewi badala ya vyeti. Aliyesoma nje ya nchi awe na uthibitisho wa TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya kati na ufundi) au NECTA (elimu ya sekondari), kulingana na ngazi ya elimu yake, na ambaye majina yake yanatofautiana awe na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Ingia kwenye akaunti yako unakili namba ya mtihani kabla ya siku yenyewe. Nauli, chakula na malazi ni juu yako.

Hatua ya saba ni mahojiano. Rudi kwenye ile karatasi ya majukumu, na safari hii jibu kwa sauti. Jopo likikuuliza utafanya nini wanakijiji wakigoma kuhudhuria mkutano, taja kwanza mamlaka uliyo nayo kisheria, kisha hatua utakazochukua kwa mfuatano, kisha Mtendaji wa Kata ambaye utampa taarifa. Ukifaulu mahojiano na nafasi zikawa zimejaa, jina lako huingizwa kwenye kanzidata na unaweza kupangiwa kituo nafasi ya kada yako inapopatikana. Kwa hiyo endelea kuhuisha namba ya simu na taarifa nyingine kwenye akaunti yako.