Kupima kwenye seli dawa mpya inayochagua vipokezi vya estrojeni

Tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi, huzuia estrojeni kwenye titi, lakini kwenye ukuta wa mji wa mimba huiga kazi yake. Ndiyo maana dawa ya kundi hili haihukumiwi kwa seli za aina moja. Tumia seli za saratani za maabara: MCF-7 za titi na Ishikawa za mji wa mimba.

Kazi ngumu ni kuondoa estrojeni isiyoonekana. Rangi ya fenoli nyekundu kwenye majimaji ya kukuzia huja na uchafu unaoamsha kipokezi, basi tumia yasiyo na rangi. Seramu, asilimia 5, iwe imesafishwa kwa mkaa na dekstrani ili kuondoa homoni. Kaa na seli hivyo siku 3 au 4, ukibadilisha majimaji kila siku. Ukiharakisha, hata seli zisizopewa kitu zitakua kwa kasi, na dawa inayoamsha kipokezi itaonekana kama maji tu.

Panda MCF-7 kama 3,000 kwa kila kishimo cha sahani ya vishimo 96. Dawa iwe 0.1, 1, 10, 100 na 1,000 nanomola, vishimo vitatu kila kiwango, na ethanoli ya kuyeyushia dawa isizidi asilimia 0.1. Andaa safu mbili: dawa peke yake, na dawa pamoja na estradioli (estrojeni kuu ya mwili) 0.1 nanomola. Ya kwanza huonyesha kuamsha, ya pili kuzuia. Vya kulinganishia ni ethanoli tupu, estradioli peke yake, fulvestranti (dawa inayozuia kipokezi) nanomola 100 na 4-hidroksitamoksifeni (umbo lenye nguvu ambalo ini hulitengeneza kutoka tamoksifeni) nanomola 100. Tamoksifeni yenyewe haifai hapa: hushika kipokezi kwa udhaifu mpaka ini liibadilishe, na sahani haina ini. Hiyo 4-hidroksi ikinge na mwanga. Umbo lake hugeuka na nguvu hupungua.

Badilisha majimaji na dawa kila siku 2, pima DNA siku ya 6 ili kujua wingi wa seli. Kwa Ishikawa, pima kimeng'enya cha fosfatasi ya alkali, ambacho estrojeni hukiongeza, baada ya siku 3 au 4: rangi ya njano, nanomita 405.

Ukuaji wa MCF-7 ukishuka, usishangilie bado. Rudia ukiongeza estradioli hadi nanomola 10. Seli zikifufuka, dawa ilikuwa ikigombea kipokezi. Zisipofufuka, huenda ni sumu tu. Hata tamoksifeni kwenye mikromola 10 huua seli zisizo na kipokezi kabisa. Fulvestranti ni tofauti kidogo, kwa kuwa huvunja kipokezi chenyewe.