Kupanga Mshahara wa Mtengeneza Programu katika Kampuni Changa ya Tanzania

Kampuni changa ya teknolojia jijini Dar es Salaam haishindani na kampuni changa wenzake peke yao. Mtengeneza programu mwenye uzoefu huwaniwa pia na mabenki, kampuni za simu, na waajiri wa nje wanaomlipa kwa dola huku akifanyia kazi nyumbani kwake. Kwa kuwa huwezi kuwashinda wote kwa fedha, amua kwanza unatafuta mtu wa ngazi gani, kisha panga kiwango cha chini na cha juu cha kazi yenyewe kabla ya kutangaza nafasi. Kumwuliza mwombaji analipwa kiasi gani alipo, ukamwongezea kidogo, ni njia nyepesi inayozaa watu wawili wenye kazi moja na mishahara iliyopishana mno. Na katika ofisi ya watu saba habari hiyo haifichiki.

Bei ya soko utaipata kwa waajiri wenzako na kwa waombaji waliokataa ofa yako, maana matangazo mengi ya kazi hayataji kiasi.

Mapatano mengi huharibika kwa sababu mwajiri hutaja mshahara kabla ya makato ilhali mwombaji anawaza kitakachoingia benki. Tuchukue mshahara wa msingi wa shilingi 2,000,000 kwa mwezi, kwa viwango vya PAYE, yaani kodi anayokatwa mfanyakazi kwenye mshahara, vya mwaka wa fedha 2025/26. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, huchukua asilimia 10, yaani 200,000. Kodi hukokotolewa kwenye 1,800,000 zilizobaki na kufika 368,000. Mkononi hubaki 1,432,000. Akiwa anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi hukatwa pia, naye hubaki na 1,132,000. Wewe nawe unachangia NSSF 200,000 nyingine na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, hivyo unatoa 2,210,000, na ukifikisha wafanyakazi 10 inaongezeka tozo ya ufundi stadi.

Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha ugumu wa kubembeleza mtu kwa nyongeza. Ukimpandishia mdaiwa huyo 100,000, wewe unatumia 110,500 naye anaona 48,000 tu. Bima ya afya ina nafuu zaidi, kwa kuwa ile inayotolewa kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi haihesabiwi katika mapato yanayotozwa kodi. Nami ningeitanguliza kabla ya posho yoyote.

Hisa zina nafasi yake, ila zisitumike kuziba mshahara usiotosha kodi ya nyumba. Ukizitoa, eleza kwa maandishi ni sehemu gani ya kampuni na zitaiva lini, yaani lini zitakuwa mali yake kamili. Utaratibu uliozoeleka ni miaka 4, na asiyemaliza mwaka wa kwanza hapati kitu.

Katika barua ya ofa andika mshahara kabla ya makato, kila kato, na kiasi cha mkononi. Kabla ya kuituma, ilinganishe na mishahara ya wale ulionao wanaofanya kazi ileile; ikiwa mgeni anawazidi bila sababu unayoweza kuwaeleza ana kwa ana, wapandishe wao kwanza, na bajeti ikikataa, shusha ofa.