Kutandaza DPPC juu ya maji: kupima nusu ya utando wa seli

Utando wa seli una matabaka mawili ya lipidi, molekuli za mafuta zenye kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakwepa, yaliyoelekezana mikia. Ukitandaza tabaka moja tu juu ya maji, vichwa ndani ya maji na mikia hewani, unapata nusu ya utando ambayo unaweza kuibana na kuipima. Anza na DPPC, fosfolipidi kuu ya ute wa mapafu. Grafu yake ya shinikizo la uso dhidi ya eneo kwa molekuli inajulikana vizuri, kwa hiyo ukikosea itakuumbua mapema.

Utahitaji hodhi la Langmuir la Tefloni, yaani bakuli pana lenye vizuizi viwili vinavyosogea kubana tabaka (hapa tunachukua eneo la sm² 240), mizani ya Wilhelmy yenye kipande cha karatasi ya chujio (hupima shinikizo la uso, yaani kiasi ambacho tabaka hupunguza mvutano wa uso wa maji, kwa milinewtoni kwa mita, mN/m), maji safi kabisa ya 18.2 MΩ·cm, DPPC ya mg 1 kwa kila ml ya klorofomu, na sirinji ya kioo ya µl 50. Pipeti za ncha za plastiki ziweke kando: klorofomu hunyonya viambato vya plastiki, navyo hutanda juu ya maji pamoja na lipidi yako.

Hatua ya 1: usafi. Kwenye kabati la kufyonza mvuke, pangusa hodhi na vizuizi kwa klorofomu, kisha ethanoli, halafu suuza kwa maji mara kadhaa. Vaa glavu za nitrili, na zikilowa klorofomu zibadilishe papo hapo maana huipitisha haraka. Lipidi yote utakayotandaza ni µg 25 tu. Mafuta ya kidole kilichogusa ukingo yanatosha kuvuruga kipimo.

Hatua ya 2: jaribu maji matupu. Jaza mpaka maji yavimbe kidogo juu ya ukingo. Ning'iniza karatasi, iache ilowe dakika 20, kisha weka sifuri. Sasa funga vizuizi bila lipidi yoyote. Shinikizo la uso lisipande zaidi ya 0.2 mN/m. Likipanda, fyonza uso wa maji katikati ya vizuizi kwa pipeti ya kioo iliyounganishwa na pampu, fungua vizuizi, ongeza maji, rudia. Hatua hii ikigoma, usiendelee. Hakuna hesabu itakayoiokoa grafu baadaye.

Hatua ya 3: kutandaza. µl 25 za mchanganyiko huo zina nanomoli 34, yaani molekuli 2.05 × 10¹⁶, na kila moja inapata takriban nm² 1.17 vizuizi vikiwa wazi. Sukuma sirinji mpaka tone dogo lining'inie kwenye ncha ya sindano, lishushe liguse maji, lenyewe litavutwa na kusambaa. Usiliache lidondoke: tone la klorofomu ni zito kuliko maji, huzama na lipidi yake. Hamisha sindano sehemu mbalimbali za uso. Kisha subiri dakika 15 klorofomu iishe.

Hatua ya 4: kubana. Funga vizuizi polepole, mm 10 kwa dakika au chini ya hapo. Kwenye nyuzi 22 za Selsiasi, shinikizo hupanda kidogo, halafu karibu na 5 mN/m grafu hulala: molekuli zinatoka hali ya majimaji kwenda hali iliyojipanga. Baada ya hapo hupanda kwa kasi, karibu na nm² 0.5 kwa molekuli. Dhibiti joto, kwani kwenye nyuzi 37 sehemu hiyo tambarare huhamia juu ya 20 mN/m.

Grafu ikisogea kushoto, yaani eneo dogo kupita kiasi, kuna lipidi iliyozama au iliyovuja chini ya vizuizi. Ikisogea kulia, mara nyingi klorofomu imepungua chupani na mchanganyiko umekolea. Pima upya ukolezi. Shinikizo linaloyumba taratibu bila kubana ni dalili ya karatasi isiyolowa vizuri au maji yanayopungua kwa mvuke.

Hatua ya 5: peptidi. Sasa unaweza kupima kama peptidi, mnyororo mfupi wa amino asidi, hupenya tabaka. Msongamano wa lipidi katika utando halisi hulinganishwa na 30 hadi 35 mN/m. DPPC hapo imebanana mno, hivyo tumia POPC, fosfolipidi isiyobanana hivyo, kwenye hodhi dogo lenye kikorogeo cha sumaku. Tandaza kufikia shinikizo la kuanzia, kwa mfano 20, kisha ingiza peptidi chini ya tabaka kupitia tundu la pembeni, eneo likibaki lilelile. Rekodi ongezeko. Rudia kwa 25, 30 na 35, kila mara na tabaka jipya, uchore ongezeko dhidi ya shinikizo la kuanzia. Mstari ukikata sifuri juu ya 30, peptidi ina uwezo wa kupenya utando wenye msongamano huo.

Fanya pia majaribio mawili ya ulinganisho: ingiza kiyeyushi cha peptidi pekee chini ya lipidi, na peptidi ileile kwenye maji matupu. Peptidi nyingi hupanda juu zenyewe hata pasipo lipidi. Ikiwa kwenye maji matupu inafika 15 mN/m, vipimo ulivyoanzia chini ya 15 havithibitishi kwamba imeshikana na lipidi.